Nusu kwa nusu haifiki mia: ethanoli, maji na chupa zilizomo majumbani mwetu

Alasiri moja wiki iliyopita niliingia jikoni kwa binti yangu hapa Maskati, nikamkuta kashughulika. Mezani pana chupa ya plastiki ya lita moja imeandikwa ethanoli asilimia 96, kaiagizia mtandaoni. Pembeni vichupa vya uturi, tola moja ya dihani udi, bakuli la kioo na vichupa vitupu vya kupulizia kama arubaini. Alikuwa anachanganya manukato ya kuwagaia wageni katika harusi ya nduguye. Na hatua tatu tu kutoka mezani, chetezo kinawaka, makaa mekundu, udi unafuka nyumba nzima.

Nikamwambia, "Mwanangu, kabla hujafungua hiyo chupa, toa chetezo nje."

Akacheka. "Baba, si petroli hii. Manukato tu."

Nilipokitoa chetezo mwenyewe na kurudi, akaniuliza la pili. "Na itakayobaki nataka niitie kwenye chupa za sanitaiza za watoto wakienda skuli. Hii ya 96 si kali zaidi kuliko ile ya dukani ya 70?"

Mie nimefundisha kemia miaka mingi kabla ya kustaafu. Maswali mawili yale yakanifanya nikae chini, maana najua hayakuwa ya binti yangu peke yake. Nyumba nyingi zetu huku Ghuba zina chupa kama ile, na wengi tunaitumia bila ya kujua maana ya ile namba iliyoandikwa juu yake. Na namba ile ndiyo khabari yenyewe. Inakwambia kiasi gani cha ethanoli kimo na, usilolisoma, kiasi gani cha maji. Maji yale ndiyo yanayoamua kama kimiminika kitaua vijidudu, kama kitachukua harufu, na kama kitakuunguza.

Neno limetoka kwetu

Wengi tukisikia neno alkoholi tunageuza uso. Lakini neno lenyewe ni la Kiarabu: al-kuhl, ule ule wanja wa manga ambao bibi zetu walikuwa wakitia machoni. Kuhl ilikuwa unga uliosagwa ukalainika kabisa. Watu wa Ulaya walilichukua neno wakalitumia kwa kitu chochote kilichosafishwa mpaka kikabaki kiini chake, na katika karne ya 16 wakaanza kukiita hivyo kiini kinachopatikana kwa kukeneka mvinyo. Likakaa hapo mpaka leo.

Kukeneka nako kuna mizizi kwetu. Al-Kindi, mwanafalsafa wa Baghdad wa karne ya 9, ametajwa kwa kitabu kizima juu ya kemia ya manukato na ukenekaji, chenye maelezo ya kutengeneza manukato zaidi ya 100. Ukipanda Jabal Akhdar msimu wa mawaridi utaiona kazi ya namna hiyo ingali hai: chungu juu ya moto, mvuke unapanda, unakutana na chombo cha baridi, unadondoka, marashi yanapatikana.

Kunywa hakuna mjadala, ni haramu. Ama manukato yenye alkoholi, wanavyuoni wamekhitilafiana, wapo waliokataza na wapo walioruhusu. Mie si mwanachuoni, hilo muulize sheikh wako. Nazungumzia kilichomo ndani ya chupa, kwa sababu hata yule asiyeitia kwenye nguo zake anayo nyumbani: kwenye sanitaiza, kwenye vitambaa vya kufutia kabla ya sindano, kwenye spiriti ya kusafishia.

Zimekwenda wapi mililita zile?

Sekondari nilisoma katika skuli ya misheni, sisi watoto wa Kiarabu wachache tukikaa bweni pamoja na wenzetu. Siku moja padri aliyekuwa akitufundisha kemia aliingia na silinda mbili za kupimia. Moja ina mililita 50 za maji, ya pili mililita 50 za ethanoli. Akauliza, nikizichanganya nitapata ngapi? Darasa zima likajibu kwa sauti moja: mia!

Akamimina. Silinda ikasoma baina ya 96 na 97.

Tukasema kamwaga. Akarudia mbele ya macho yetu, ikawa vile vile. Kisha akamwita mwenzetu mmoja ashike kioo. Akasema, "Fadha, ina joto!" Hakuna moto uliowashwa, hakuna jua.

Mililita zile tatu na ushei hazikwenda popote. Ukipima uzito kabla na baada, haikupotea hata gramu moja. Kilichopungua ni nafasi tu. Chukua pishi ya kunde na pishi ya mtama, vichanganye, hupati pishi mbili kamili, kwa sababu mtama unaingia katika nyufa baina ya kunde. Mfano huo unatosha nusu ya khabari. Nusu ya pili ni kwamba hizi molekuli hazikai tu, zinavutana. Molekuli za maji hushikana kama watu walioshikana mikono, na kule kushikana kunaacha uwazi katikati yao. Molekuli ya ethanoli ina ncha mbili. Ncha moja ni oksijeni na hidrojeni, nayo inapenda maji. Ncha ya pili ni mkia wa kaboni mbili na hidrojeni zake, nao unapatana na mafuta. Ile ncha inayopenda maji inawashika maji, wote wanasogeleana zaidi kuliko walivyokuwa mbali mbali, na katika kushikana huko joto linatoka.

Wakumbukeni wale wenye ncha mbili, upande wa maji na upande wa mafuta. Karibu kila kitu ethanoli inachofanya nyumbani kinatoka hapo.

Kwa nini 96 na si 100?

Hamira ikila sukari inatoa hewa na ethanoli. Ndiyo inayoumua unga wa mkate wa kumimina, na ethanoli kidogo inayopatikana huruka karibu yote jikoni kwenye moto. Lakini hamira peke yake haifiki mbali. Kileo kikikaribia asilimia 15 au zaidi kidogo, hamira yenyewe inazidiwa na kile ilichokitengeneza, inakufa. Kupita hapo ni lazima ukeneke.

Ethanoli huchemka nyuzi 78 za Selsiasi, maji nyuzi 100. Kwa hiyo ukichemsha mchanganyiko, mvuke wa mwanzo una ethanoli nyingi zaidi. Ukiukusanya na kuukeneka tena, unapata kali zaidi. Mtu angedhani ukirudia mara nyingi utafika mia kwa mia. Lakini wapi! Ikifika asilimia 95.6 kwa uzito, mchanganyiko wote unachemka pamoja kwa nyuzi 78.2, na mvuke unaotoka una maji kwa uwiano ule ule wa yaliyomo ndani ya chungu. Hapo unaweza kukeneka mpaka kesho, hutoki. Maji yamegoma kuachana na mwenzake.

Ndiyo maana chupa nyingi za dukani zimeandikwa 95 au 96. Kupata ethanoli kavu kabisa unahitaji kitu kingine cha kunyonya maji yaliyobaki, kama chokaa iliyochomwa ambayo bado haijatiwa maji. Na hata ukiipata, ukiiacha wazi katika unyevunyevu wa Maskati wa mwezi wa Julai, inaanza kuvuta maji kutoka hewani.

Kali zaidi siyo bora zaidi

Sasa swali la sanitaiza. Ethanoli inaua bakteria kwa kuziharibu protini zao na kuuyeyusha utando wa mafuta unaowazunguka. Virusi vingi, kikiwemo kile cha korona, navyo vina utando wa mafuta. Ule mkia unaopatana na mafuta unapasua utando. Mpaka hapo mtu atasema, basi zidisha ethanoli.

Lakini protini inahitaji maji ili ifunguke na kuharibika kwa haraka. Ethanoli isiyo na maji ya kutosha inaigandisha protini ya juu juu tu, kama yai linalogandishwa nje na ndani bado bichi, na kidudu kinaweza kusalimika. Isitoshe, ethanoli kavu inaruka mkononi kabla haijamaliza kazi. Maji yanaichelewesha. Kwa hiyo nguvu yake nzuri iko baina ya asilimia 60 na 90 kwa ujazo, na ikishuka chini ya 50 nguvu inaporomoka. Fomula ya Shirika la Afya Duniani ya sanitaiza ya ethanoli ni asilimia 80, pamoja na gliserini asilimia 1.45 ya kulinda ngozi na hidrojeni peroksidi asilimia 0.125, yaliyobaki ni maji.

Kwa hivyo yule mama anayeongeza maji kwenye chupa ya sanitaiza ili isiishe haraka, kaitoa kazini. Na yule anayemimina ya 96 kama ilivyo akidhani kawalinda watoto zaidi, kawakausha ngozi na kuwapa chupa ya moto mfukoni. Wote wawili wamekosea kwa upande wa maji.

Jengine la kujua ni kwamba mikono yenye matope au mafuta haisafishwi na sanitaiza, na zipo mbegu za bakteria ambazo ethanoli haiziui kabisa. Sabuni na maji ya bomba yakiwepo, hayo ndiyo ya mwanzo.

Na ukisoma namba, angalia ni asilimia ya nini. Asilimia 70 kwa uzito ni kama 77 kwa ujazo, si kitu kimoja. Hata kupunguza ya 96 iwe 70 kuna mtego ule ule wa padri. Kwa mililita 100 unahitaji 73 za ile ya 96. Mtu atafanya hesabu ya kutoa, atie maji 27. Atapata pungufu ya mia, na iliyo kali kuliko alivyokusudia. Maji yatakayoingia ni karibu 30. Maabara hawatoi hesabu kichwani, wanatia 73 kwenye silinda, kisha wanajaza maji mpaka alama ya mia. Nakuelezeni ili mjue inavyokwenda. Sanitaiza ya watoto nunueni iliyotengenezwa na wenye kazi yao.

Uturi uliogeuka maziwa

Binti yangu alikuwa na tabu nyingine. Bakuli la mwanzo alilochanganya, alitia uturi ndani ya ethanoli ukayeyuka vizuri, ukawa angavu. Kisha akaongeza maji ya bomba ili harufu isiwe kali. Mara moja ikageuka nyeupe kama tui. Akadhani kauziwa uturi wa uwongo.

Uturi ni mafuta. Mafuta hayayeyuki katika maji, yanayeyuka katika ethanoli kwa sababu ya ule mkia. Ukiongeza maji, ethanoli inageuka kuyashika maji, inawaachilia mafuta. Mafuta yakiachwa yanajikusanya matone madogo madogo yasiyoonekana moja moja, lakini yote pamoja yanatawanya mwanga, na macho yako yanaona weupe. Hapakuwa na uwongo wowote. Alizidisha maji, basi. Alipoongeza ethanoli ikarudi kuwa angavu, akashangaa.

Wenye viwanda vya manukato wanatia maji pia, lakini kwa kipimo. Chupa ya kupulizia huwa na mafuta ya harufu sehemu ndogo, ethanoli sehemu kubwa, na maji kidogo. Kwenye orodha utaona imeandikwa Alcohol Denat., yaani ethanoli iliyotiwa kitu cha uchungu au kibaya ili isinyweke. Haikupoteza uwezo wa kuwaka.

Chetezo na chupa havikai chumba kimoja

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Kimiminika hakiwaki chenyewe, kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Kila kimiminika kina kiwango cha joto ambacho juu yake kinatoa mvuke wa kutosha kushika moto kikikutana na cheche. Cha ethanoli safi ni kama nyuzi 13. Ile ya asilimia 70 haifiki nyuzi 25. Hata asilimia 40, ambayo zaidi ya nusu yake ni maji, ni kama nyuzi 26.

Sasa fikirini majlis yetu yenye kiyoyozi nyuzi 24. Sisi tunaona baridi, lakini kwa chupa ya manukato hilo ni joto tayari. Jikoni karibu na jiko ndiyo zaidi. Ama gari lililoegeshwa juani Agosti, ndani yake sizungumzi. Usiache humo chupa ya sanitaiza wala ya kupulizia.

Mvuke wa ethanoli ni mzito kuliko hewa, kama mara moja na nusu na zaidi kidogo. Haupandi dari, unashuka na kutambaa mezani na chini. Na sisi chetezo tunakiweka wapi? Chini. Tena tuna mtindo wa kujipulizia manukato nguo nzima, kisha hapo hapo mtu anasimama juu ya chetezo, buibui au dishdasha imetanda, ili moshi wa udi ushike. Nguo bado mbichi kwa ethanoli, makaa chini yake. Na moto wa ethanoli una balaa moja zaidi. Ni buluu hafifu, mchana au chini ya taa kali mtu anaweza asiuone. Anahisi kuungua kabla hajaona mwali.

Dawa yake ni utaratibu tu. Jifukize kwanza, kisha uondoke kwenye chetezo ndipo ujipulizie. Au jipulizie, ukae mpaka nguo ikauke kabisa. Sanitaiza nayo, isugue mpaka mikono ikauke ndipo uguse kiberiti au jiko. Kumimina kutoka chupa kubwa kwenda ndogo kufanywe penye upenyo wa hewa, bila ya moto wowote nyumbani. Dihani udi halisi isiyotiwa alkoholi haina hatari hii ya mvuke, bibi zetu walikuwa wakiipaka nyuma ya masikio na chetezo kiko pembeni. Ndiyo maana hatukurithi tahadhari. Chupa ya kupulizia imekuja baadaye, desturi ya udi tumeiacha vile vile.

Ndugu yake asiyejulikana kwa sura

La mwisho ndilo zito zaidi. Ethanoli ina ndugu mdogo, methanoli, mwenye kaboni moja badala ya mbili. Kwa macho ni maji yale yale, harufu zinakaribiana, nayo inachanganyika na maji vizuri vile vile. Lakini ikiingia mwilini, ini linaigeuza formaldehaidi, kisha asidi ya fomiki, na asidi hiyo inashambulia mshipa wa jicho. Mililita 10 tu zinaweza kumpofua mtu, 30 zinaweza kumuua. Tena dalili zinaweza kuchelewa nusu siku au hata siku nzima: kichwa, kutapika, tumbo, macho kuona ukungu.

Mwaka 2020, korona ilipoanza, mamia ya watu walikufa Iran kwa kunywa methanoli, wengine wakiambiwa kwamba kileo kinawakinga. Mwaka ule ule mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya sanitaiza zilizokutwa na methanoli ndani. Zilikuwa zimeandikwa ethanoli kwenye chupa.

Kwa hivyo msidanganyike na vipimo vya kuwasha moto na kuangalia rangi, wala vya kunusa. Hakuna kipimo cha jikoni cha kutegemea. Kinga ni kununua penye dhamana, chupa yenye jina la mtengenezaji, asilimia, na namba ya toleo. Ile ya bei chee isiyo na maandishi, iacheni.

Na mtoto akinywa sanitaiza, hata kama ni ethanoli safi, sukari ya damu yake inaweza kuanguka, na tumbo dogo halihitaji nyingi. Mpelekeni hospitali pamoja na chupa yenyewe, msimtapishe, msingoje dalili. Ajabu ni kwamba ikiwa ni methanoli, moja ya dawa ambazo madaktari wanaweza kumpa ni ethanoli kwa kipimo. Ini linaishughulikia ethanoli kwanza, methanoli inapita bila ya kugeuzwa sumu. Hilo ni la hospitali, si la nyumbani.

Chupa imefungwa kabatini

Binti yangu alimaliza vichupa vyake arubaini siku ya pili yake, barazani, chetezo kimezimwa. Ile chupa kubwa kaandika juu yake kwa kalamu nzito, kwa Kiswahili na Kiarabu, kaifungia kabati la juu. Sanitaiza ya watoto kanunua duka la dawa, ya asilimia 70.

Lakini kabla hajaifunga nilimwomba mililita 50. Mjukuu wangu wa miaka tisa alileta vikombe viwili vya kupimia dawa. Nikamwambia, pima nusu hii, pima nusu hii, kisha nimimine, tutapata ngapi?

"Mia, babu."

Nikamimina. Akainama akaangalia alama, akaangalia meza kama iko majimaji, kisha akaniangalia mie.

"Babu, umemwaga."

Nikampa kikombe akishike, ahisi lile joto.